Jino lililong'oka si la kurushwa paani: mtoto akiumia meno au taya

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamepitia hatua hii: jino likitoka unasimama uani, unalirusha juu ya paa na kuomba upewe jipya. Mila hiyo haina ubaya wowote. Jino la utoto lililolegea lenyewe limeshamaliza kazi yake, na mrithi wake yuko njiani. Tatizo huanza pale mazoea hayo yanapohamia kwenye jino lisilo la kurushwa. Mtoto wa miaka 9 amegongana na mwenzake mpirani, jino la mbele limeruka na kuangukia mchangani, na wakubwa waliopo wanalichukulia kama yale aliyokuwa akiyarusha darasa la kwanza. Hili halina mrithi. Likienda, limekwenda.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu amesoma ujumbe wa kusambazwa kwenye simu kwamba jino lililong'oka hurudishwa, basi mtoto wa miaka 3 akianguka ngazini anashikwa kichwa na kurudishiwa jino la utoto kwa nguvu. Ushauri wenyewe ni wa kweli, ila umetumika kwa jino lisilohusika, na anayeumia ni jino ambalo bado halijaota.

Kwa hiyo ukisikia ushauri unaopingana kuhusu watoto walioumia meno, mara nyingi wote una ukweli ndani yake. Kinachokosekana ni kuuliza jino gani, limeumiaje, na limekaa nje kwa muda gani.

Maneno matatu ya kuanzia

Kichwa cha jino ni ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Mzizi ni sehemu iliyozama ndani ya mfupa wa taya. Kiini ni nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu iliyo katikati ya jino, kama wino ulio katikati ya kalamu.

Sasa kuna kitu cha nne ambacho watu wengi hawakijui, na ndicho kinachoamua karibu kila kitu katika makala haya. Mzizi haujapigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Umeshikwa na nyuzi laini nyingi mno zinazotoka kwenye mzizi na kuingia mfupani, katika nafasi nyembamba ya karibu milimita 0.2. Nyuzi hizo zina seli hai. Jino linapong'oka kwa pigo, nyuzi hukatika katikati: nusu hubaki kwenye shimo, nusu huondoka na mzizi. Seli za pande zote mbili zikiwa bado hai jino linaporudishwa, huungana tena.

Mkulima atalielewa hili haraka kuliko mtu mwingine. Mche wa nyanya ukitolewa kitaluni na mizizi yake ikiwa na unyevu, ukapandikizwa mara moja, unashika. Ukiachwa juani saa nzima, au mizizi yake ikisuguliwa kwa brashi ili iwe safi, unaweza kuumwagilia hadi kesho na usipone. Jino la mtoto ni mche wa namna hiyo.

Kabla ya jino, mtoto mwenyewe

Damu ya mdomoni ni nyingi na inatisha. Ulimi na midomo ina mishipa mingi, na damu ikichanganyika na mate inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Hofu hiyo huwafanya watu washughulikie mdomo na kusahau kichwa. Pigo lenye nguvu ya kung'oa jino lina nguvu ya kutikisa ubongo pia.

Kwa hiyo angalia kwanza kama mtoto anapumua vizuri, na kama anajijua: jina lake, alipo, kilichotokea. Mtoto aliyezimia hata kwa dakika moja, anayetapika tena na tena, anayesinzia isivyo kawaida, anayeona vitu viwiliviwili, mwenye mboni za macho zisizolingana au anayetokwa na maji maangavu puani au sikioni, anapelekwa hospitali yenye daktari wa dharura, na jino linafuata nyuma kwenye maziwa. Akilalamika shingo, asigeuzwegeuzwe.

Mtoto mwenye fahamu akae, ainame mbele, ateme damu. Asilazwe chali, kwa sababu damu humezwa, na damu tumboni huleta kutapika. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, shingo ikiwa imenyooka na mwili, mdomo ukielekea chini kidogo. Toa kwa kidole vipande vya meno unavyoviona tu. Usichokore koo usiloliona.

Damu huzuiwa kwa kukandamiza. Chukua kitambaa safi au shashi, kunja iwe nene, bana mahali panapotoka damu kwa dakika 10 za saa, bila kufunua kuchungulia. Kufunua kila baada ya nusu dakika ndiko kunakofanya damu ionekane haikomi. Barafu inasaidia uvimbe wa midomo, lakini ifungwe kwenye kitambaa, dakika 10 kisha ipumzishwe. Kahawa, majivu, tumbaku na mafuta ya taa havina kazi kwenye kidonda cha mdomo zaidi ya kukichafua au kukiunguza.

Kale kautando kanakounganisha mdomo wa juu na ufizi hukatika mara nyingi kwa watoto wanaojifunza kutembea. Kanatoa damu ya kutisha, na kwa kawaida hupona bila kushonwa, ilimradi watu wazima wasiuinue mdomo kila saa kuonyeshana. Ila kakikatika kwa mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa, mhudumu wa afya ana wajibu wa kuuliza kwa utulivu ilikuwaje, maana mtoto wa umri huo ni nadra kuanguka mwenyewe.

Ni jino gani?

Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota karibu na miezi 6 na kukamilika kati ya miaka 2 na nusu na 3. Ya ukubwani huanza kuingia kwenye miaka 6: yale ya mbele ya chini kwenye miaka 6 hadi 7, mawili makubwa ya mbele juu kwenye miaka 7 hadi 8, na yanayoyapakana kwenye miaka 8 hadi 9. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 5 anapong'oka jino la mbele, karibu kila mara ni la utoto. Wa miaka 10, la mbele ni la ukubwani. Utata uko katikati, kati ya 6 na 9, ambapo mdomo una meno ya aina zote mbili.

Tofauti unaweza kuiona. Kichwa cha jino la mbele la utoto lililo juu kina urefu wa karibu milimita 6 na ni cheupe kama maziwa. La ukubwani ni pana zaidi, karibu milimita 8 na nusu kwa upana na 10 kwa urefu, rangi yake inaelekea umanjano kidogo, na kwa mtoto ukingo wake huwa bado na vinundu vitatu kama msumeno mchanga. Ukipata shaka, tazama jino la upande wa pili.

Kuna mtego mmoja. Watu husema jino la utoto halina mzizi. Si kweli. Linalotoka lenyewe kwa wakati wake halina mzizi kwa sababu mzizi umeshaliwa na jino linalokuja chini yake. Lakini jino la mtoto wa miaka 3 lililong'olewa na pigo lina mzizi mzima, mrefu kuliko kichwa chake. Kuona mzizi, basi, si ushahidi kwamba ni jino la ukubwani.

Jino la ukubwani limeng'oka lote

Hapa ndipo dakika zinahesabika, na tiba bora hutolewa na aliye karibu: mwalimu, kaka, muuza duka jirani na uwanja. Daktari wa meno akija kulirudisha baada ya saa mbili, hata awe bingwa, anarudisha jino lililokwisha kupoteza nafasi yake nzuri.

Liokote kwa kulishika kichwa, si mzizi. Likiwa safi, lirudishe hivyohivyo. Likiwa na mchanga, limwagie maziwa, au maji ya chumvi ya hospitali, au mtoto alilambe ndani ya mdomo wake mwenyewe ikiwa ana umri wa kuelewa asimeze. Kama kuna maji ya bomba tu, yapite juu yake yakiwa baridi kwa sekunde 10, basi. Hakuna kusugua, hakuna sabuni, hakuna spiriti, hakuna kulifuta kwa tishu. Uchafu kidogo ambao umegoma kutoka utashughulikiwa na daktari; nyuzi zilizofutwa hazirudi.

Kisha angalia pande. Upande wa mbele wa jino umebinuka na ni laini. Wa nyuma, unaoelekea ulimi, una kibonde. Mtoto akae ameegemea, mdomo wazi. Ingiza mzizi kwenye shimo na usukume taratibu kwa kidole. Utahisi ukinzani kidogo, ni damu iliyoanza kuganda, nayo huachia kwa msukumo wa polepole. Lisipokwenda, usipige, ligeuze kidogo ujaribu tena mara moja. Kipimo chako ni jino la jirani: vikingo vyake viwe usawa mmoja au karibu. Halafu mtoto aume leso safi iliyokunjwa, na safari ya kwa daktari wa meno ianze. Inauma, ndiyo, lakini dakika za kwanza baada ya pigo eneo hilo huwa limekufa ganzi, kwa hiyo maumivu ni madogo kuliko watakavyoyapata wakisubiri.

Usilirudishe mwenyewe ikiwa mtoto hana fahamu kamili, anapigana nawe kiasi kwamba anaweza kulimeza au kulivuta njia ya hewa, au ana ugonjwa mkubwa wa moyo au kinga dhaifu sana. Hapo jino linasafiri likiwa limezama kwenye kimiminika, na cha kwanza kutafuta ni maziwa.

Kwa nini maziwa

Maji ya kawaida huonekana ndiyo salama kabisa, lakini kwa seli za mzizi ni adui wa polepole. Yana chumvi kidogo mno kuliko seli, kwa hiyo huingia ndani yake na kuzivimbisha hadi zipasuke, kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Maziwa ya ng'ombe yana chumvi na virutubisho vinavyokaribiana na vya mwili, na hayana asidi kali. Yawe baridi au ya kawaida, yenye mafuta au yasiyo na mafuta, ya pakiti ya muda mrefu pia yanafaa. Yasiwe na sukari, kakao wala ladha ya matunda. Mtindi, maziwa lala na maziwa mgando hayafai, kwa sababu yameshachachuka.

Pasipo maziwa, mtoto ateme mate kwenye kikombe kidogo na jino lizame humo. Au lifungwe kwa karatasi ya nailoni ya kufunikia chakula pamoja na mate, lisikauke. Maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, yanapatikana hata kwenye zahanati ndogo na yanafaa kwa safari. Muombe mhudumu ya chumvi, si ya glukosi. ORS, ile chumvi ya pakiti anayopewa mtoto anayeharisha, ikichanganywa sawasawa, pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, ni chaguo jingine zuri ambalo nyumba nyingi zenye watoto wanalo. Pwani watu huuliza kuhusu dafu. Maji ya dafu yamejaribiwa maabara zaidi ya mara moja na majibu hayakubaliani. Yana asidi kidogo, hivyo yasipewe nafasi ya kwanza kama maziwa yapo dukani mtaa wa pili. Na pasipo na chochote kabisa, maji ya kawaida bado ni afadhali kuliko hewa. Kilicho kibaya kuliko vyote ndicho kinachofanyika zaidi: tishu kavu, kisha mfukoni.

Kuhusu muda, miongozo ya mwaka 2020 ya chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno inagawa hali katika mafungu ya kueleweka. Likirudishwa mara moja au ndani ya dakika 15 hivi, seli nyingi zina uwezekano wa kuwa hai. Likiwa limekaa kwenye maziwa au kimiminika kingine kinachofaa, na muda wote wa ukavu haukufika dakika 60, seli zimedhoofika lakini baadhi zipo. Likikaa kavu zaidi ya dakika 60, zihesabu zimekufa.

Hata hivyo jino la saa tatu mfukoni lisitupwe. Kwa mtoto, madaktari mara nyingi hulirudisha hivyohivyo. Halitaungana kwa nyuzi. Litagandana na mfupa moja kwa moja, na kwa miaka mfupa utaula mzizi wake. Kwa kuwa taya linaendelea kukua na jino lililogandana halisogei, litaonekana kama linazama likilinganishwa na wenzake. Lakini kwa miaka hiyo linatunza nafasi, sura, na unene wa mfupa ambao utahitajika mtoto akiwa mtu mzima na kuwekewa jino jingine. Mzazi aambiwe hayo mapema, asije akadhani daktari alikosea.

Kitakachofanyika kwenye kiti cha daktari

Jino lililorudishwa vizuri haling'olewi tena ili lisafishwe. Daktari huhakikisha limekaa sawa kwa picha ya eksirei, kisha hulifunga na majirani zake kwa banzi jembamba: waya usiozidi milimita 0.4, ulioshikizwa mbele ya meno kwa dawa ya kuzibia. Penye uhaba wa waya huo, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, wa milimita 0.13 hadi 0.25, unakubalika rasmi katika miongozo ileile. Wazazi hushangaa banzi linavyoachia jino litikisike kidogo na hudai lifungwe imara. Ulegevu huo ni wa makusudi. Nyuzi hupona vizuri zikichezacheza; jino likikazwa kama nguzo ya zege, mfupa hupata nafasi ya kugandana nalo. Banzi hukaa wiki 2, au 4 kama na ukuta wa mfupa unaolishika jino umevunjika.

Kiini ni hadithi nyingine. Kwa mtoto mwenye mzizi uliokwisha kukomaa, yaani takriban miaka mitatu baada ya jino kuota, mshipa uliokatika hauungani tena, na kiini kilichokufa huoza. Kwa hiyo matibabu ya mzizi, kutoa kiini na kuujaza mfereji, huanza ndani ya wiki 2. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye ncha ya mzizi bado iko wazi kama mdomo wa tarumbeta, mishipa inaweza kuingia upya, basi daktari husubiri na kuchunguza. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea: banzi likitolewa na maumivu yakiisha, hawarudi. Ratiba ya kawaida ni wiki 2, wiki 4, miezi 3, miezi 6, mwaka mmoja, kisha kila mwaka kwa miaka mitano angalau.

Jino la utoto

La utoto lililong'oka halirudishwi. Chini ya mzizi wake, milimita chache tu, kuna kichipukizi cha jino la ukubwani ambacho bado ni laini. Kulisukuma jino la zamani juu yake ni kupigilia kigingi juu ya mbegu inayochipua. Weka leso, bana hadi damu ikome, na mpeleke mtoto akachunguzwe bila haraka ya kukimbiza dakika. Jino lenyewe lipeleke, daktari athibitishe limetoka zima. Baada ya hapo, paani.

Kabla ya kusema limeng'oka, lakini, hakikisha umeliona. Kwa wadogo mfupa ni laini, na jino la juu hupigwa likazama lote ndani ya ufizi, ukabaki shimo lenye damu. Hilo lisichokolewe. Mara nyingi huota tena lenyewe ndani ya miezi 6, pengine hadi mwaka. Na jino lisiloonekana mdomoni wala chini, mtoto akiwa anakohoa, anakoroma kifuani au sauti imebadilika, huenda limeingia njia ya hewa; hiyo ni picha ya kifua siku hiyohiyo. Likimezwa tumboni, kwa kawaida hupita na haja.

Wiki chache baada ya pigo, jino la utoto linaweza kugeuka kijivu. Wazazi wengi huomba ling'olewe. Rangi peke yake si ugonjwa: baadhi hurudi kuwa jeupe, mengine hubaki kijivu hadi wakati wake wa kutoka. Kinacholeta mtoto hospitali ni kijipu juu ya ufizi, uvimbe, maumivu au jino kuzidi kulegea.

Halikung'oka, lakini si lilivyokuwa

Jino la ukubwani lililosukumwa nyuma, lililoning'inia au kurefuka linaweza kurudishwa mahali pake, na kadiri linavyowahiwa ndivyo kazi inavyokuwa rahisi. Lililorefuka hufungwa banzi wiki 2; lililosukumwa upande, ambalo huwa limevunja ukuta wa mfupa, wiki 4. Lililovunjika mzizi ndani kwa ndani, jambo ambalo ni picha tu inayoonyesha, nalo wiki 4, na zaidi likivunjika karibu na ufizi.

La kumeguka hutegemea kina. Likimeguka gamba la nje tu, linakwaruza ulimi na halina haraka. Likionyesha umanjano ndani, baridi na hewa vitamchoma, na lifunikwe siku chache zijazo. Likionyesha nukta nyekundu katikati, kiini kiko wazi. Hapo watu hudhani jino limekufa, kumbe kwa mtoto kiini kina damu ya kutosha na huponeka: daktari hukata juu milimita chache, huweka dawa maalumu na kuziba, na mzizi unaendelea kukua.

Tafuta kipande kilichomeguka. Kikiwekwa kwenye maji au maziwa, mara nyingi hugundishwa mahali pake na kukaa kwa rangi yake halisi. Kisipopatikana na mdomo umechanika, kitafutwe ndani ya mdomo wenyewe. Si ajabu midomo kushonwa na kipande cha jino kikiwa ndani, na wiki mbili baadaye usaha ukaanza.

Kidevu kilichopasuka

Katika majeraha yote haya, linalokosewa kimyakimya ni hili. Mtoto ameteleza sakafuni au ameanguka na baiskeli, amedunda kidevu, kimepasuka sentimita mbili. Anashonwa nyuzi tatu na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia aume meno.

Taya la chini lina umbo la upinde, na ncha zake mbili zinacheza ndani ya viungo vilivyo mbele tu ya masikio. Shingo za ncha hizo ni nyembamba. Pigo linaloingia katikati ya upinde linasafiri pande zote hadi pale, na ndipo taya huvunjika, mbali na kidonda. Hivyo kila kidevu kilichopasuka kwa kuanguka kinahitaji uchunguzi mfupi wa taya, ambao hata mzazi anaweza kuuanza.

Mwambie aume taratibu: je, meno yanakutana kama zamani? Mtoto wa miaka 5 anaweza kukujibu hilo vizuri kuliko eksirei. Mwambie afungue mdomo: kwa kawaida vidole vyake mwenyewe vitatu, vilivyopangana, vinaingia. Tazama kidevu kinapofunguka; kikienda upande mmoja, huko kinakoelekea ndiko kulikoumia. Bonyeza kidogo mbele ya masikio yote mawili. Angalia damu kwenye tundu la sikio, maana ncha ya taya hugonga ukuta wake. Ganzi ya mdomo wa chini, damu iliyovilia chini ya ulimi, au ngazi ya ghafla katika mstari wa meno huku ufizi umechanika kati ya meno mawili, huashiria taya limevunjika sehemu ya mbele. Usisahau magego: taya linapofungwa kwa kishindo, huyapasua.

Moja tu ya dalili hizi inatosha kumpeleka kwenye hospitali yenye wapasuaji wa kinywa na taya, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Kenyatta jijini Nairobi, au rufaa ya mkoa iliyo karibu itakayoamua. Njiani asile wala asinywe, huenda akahitaji usingizi wa dawa. Kitambaa cha kushikilia kidevu kinaruhusiwa kama kinampa nafuu, kikiwa legevu na chenye fundo la kufunguka kwa mkono mmoja. Kumfunga mtoto mdomo kwa nguvu ni hatari: akitapika, hana pa kutolea. Na taya lililovunjika pande zote mbili mbele linaweza kuuachia ulimi urudi nyuma na kuziba koo. Huyo akae ameinama mbele muda wote, na kama anazidiwa, ulimi uvutwe mbele kwa kitambaa.

Matibabu yake hayafanani na ya mtu mzima. Mkubwa huweza kufungwa taya wiki 4 hadi 6. Mtoto aliyevunjika shingo ya taya, mara nyingi, hupewa vyakula laini tu, au akifungwa, ni siku 7 hadi 10, kisha huanzishwa mazoezi ya kufungua mdomo kila siku. Mfupa wake huunga haraka mno, na kiungo kikikaa bila kutembea kinaweza kugandana na fuvu. Mtoto wa namna hiyo hujikuta hafungui mdomo hata kwa kijiko, na kwa kuwa sehemu ile inahusika na ukuaji, kidevu hubaki kidogo au uso huenda upande. Vyuma navyo hutumiwa kwa tahadhari, sababu taya la mtoto limejaa vichipukizi vya meno na hakuna nafasi tupu ya kupigilia skrubu.

Dawa, chakula na kadi

Parasetamoli hutosha wengi: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 300. Kwa shira ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 12.5. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16, wala isiwekwe kwenye ufizi, kwani huuchoma. Antibayotiki ni uamuzi wa daktari. Baada ya kurudisha jino hutolewa mara nyingi amoksilini, na kubahatisha mabaki ya dozi ya mwaka jana hakusaidii.

Kama jeraha limegusa udongo, beba kadi ya kliniki. Tanzania na Kenya watoto huchanjwa pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ndani ya chanjo ya pamoja, lakini kinga hupungua kwa miaka, na mhudumu ataamua kama nyongeza inahitajika.

Chakula kiwe uji, viazi vilivyopondwa, wali mlaini, mtori, kwa wiki 2. Mswaki usisimamishwe, uwe mlaini na upite hata kwenye jino lililoumia, kwa sababu uchafu kandokando ya ufizi ndio unaoharibu uponyaji. Daktari anaweza kuongeza maji ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.12 mara mbili kwa siku. Kwa mdogo asiyejua kutema, hupakwa kwa pamba.

Kisha andika. Kwenye kadi au daftari la mtoto weka tarehe, jino lililoumia, na kilichofanyika. Jino la utoto lililopigwa akiwa na miaka 2 linaweza kumwachia mrithi wake doa jeupe au la kahawia, au kulichelewesha kuota, na litakapotokea atakuwa na miaka 7 au 8. Daktari wa siku hiyo akiiona tarehe ile, hatahangaika kutafuta chanzo kwenye maji ya kisima yanayotia meno madoa.